Saa Moja kwa Ndege

Mwaka huu nimemwomba mwalimu mwenzangu anifundishie mada ya mwendokasi. Nimemwambia koo linaniuma. Koo haliumi. Mada hiyo nimeifundisha darasa la sita kwa miaka kumi na saba, hapa Misima na kabla ya hapo kwenye shule nyingine ya Handeni, na ningeweza kuifundisha huku nasinzia: umbali ukigawanya kwa muda unapata mwendokasi, umbali ukigawanya kwa mwendokasi unapata muda. Lakini kila nikifungua kitabu nakuta gari linatoka mji A kwenda mji B, na hasira zinanipanda mpaka chaki inanivunjikia mkononi. Hakuna mtu anayetoka mji A kwenda mji B. Mtu anatoka kitandani kwake anakwenda mlangoni kwa mama yake. Kitabu hakisemi hivyo, na mimi mwenyewe sikusema siku ile niliyotakiwa kusema.

Mama yetu alituzaa wawili, kaka na mimi, na baba alitutoka tukiwa bado wadogo. Kaka anaishi Arusha. Kazi yake ina makao makuu Dar es Salaam, kwa hiyo mara mbili au tatu kwa mwezi anapanda ndege kwenda kwenye vikao na kurudi. Mabasi aliyaacha zamani, tangu apate cheo. Ukimtajia safari ya basi anakunja uso kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha kuku akiwa pekupeku.

Sasa asiyepajua kwetu achukue ramani. Aweke rula kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mpaka ule wa Dar es Salaam, apige mstari. Mstari huo unapita katikati ya Korogwe na Handeni, yaani juu ya mahindi yetu. Halafu aangalie barabara. Basi la kutoka Arusha linashuka Moshi, Same, Mombo, linafika Korogwe. Mtu akishuka Korogwe anachukua gari la Handeni, na baada ya muda si mrefu yuko Misima. Kwa hiyo sisi hatuko pembeni. Tuko katikati ya njia, ya chini na ya juu pia. Nataka hili lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu wapo ndugu ambao mpaka leo wananiambia nimsamehe kaka yangu kwa kuwa alikuwa mbali.

Kaka ndiye aliyemwambia mama kwamba anapita juu yake. Siku moja alipiga simu anacheka: "Mama, jana nimepita juu ya nyumba yako, nikakupungia mkono." Kwake ulikuwa utani. Mama akauchukua kama habari. Kuanzia siku ile, ndege yoyote ikisikika alikuwa anainuka mkekani, anaweka kiganja juu ya macho, anaifuata mpaka inapotea. Kisha anarudi kukaa, ametulia, ananiambia, "Kaka yako kapita."

"Mama, ile ya watalii."

"Wewe ulikuwemo?"

Hata zile zinazopita juu kabisa, unaona uzi mweupe tu, mama alisema ni kaka. Kuna siku alinipandisha juu ya paa la jiko nikatoe gunia tulilokuwa tumezibia pale bati lilipotoboka. "Anua hilo gunia," akaniambia, "kaka yako akitazama ataona tunaishi kama tumekimbia vita." Nikaanua. Mvua ya jioni ikaingia jikoni ikalowesha kuni zote, nikapika kwa moshi huku natukana kimoyomoyo. Sikumtukana mama.

Maana mtu huyo aliyekuwa anapita juu yetu kila mwezi, hapa chini tulimwona kwa nadra sana. Katika miaka sita ya mwisho ya mama alikuja mara nne. Moja kati ya hizo nne alilala gesti Korogwe, akisema kwetu kuna mbu. Ukimwuliza utakuja lini, jibu lilikuwa lilelile, kwa sauti ileile ya mtu anayemtuliza mtoto: "Nitakuja bwana, kwani mbali? Ni saa moja tu." Saa moja tu! Aliisema wakati wa Idi, aliisema mama alipovunjika kifundo cha mguu, aliisema figo za mama zilipoanza kuchoka na miguu yake ikavimba mpaka ndara haziingii. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka hospitali, nambeba kutoka kitandani mpaka garini, na nikirudi nasahihisha madaftari ya watoto sabini. Sikuwa na saa moja tu. Nilikuwa nazo zote.

Mama aliomba kitu kimoja. Alikuwa amekaa ukutani, jioni, mimi nampaka mafuta ya nazi miguuni, na mjomba wangu, mdogo wake mama, amekaa kwenye kigoda anasokota tumbaku yake. Mama akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, "Siku nikifa, anishushe mwanangu. Sitaki mikono ya watu."

Tulielewa wote wawili. Kwetu Waislamu mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, wanaume ambao hawawezi kumwoa: mwanawe, baba yake, ndugu yake. Mama alikuwa na mtoto wa kiume mmoja. Mimi niliyemwogesha na kumgeuza kwa miaka miwili, niliyelijua kila kovu la mwili wake, sikuwemo kwenye hesabu, kwa sababu huku kwetu wanawake hubaki nyumbani wanaume wanapokwenda kuzika. Leo silalamikii hilo. Nitakuwa mwongo nikisema sikulilalamikia siku ile.

Mjomba yupo, lakini goti lake moja limekufa tangu enzi za kazi yake ya mkonge. Akichuchumaa lazima ainuliwe. Watoto wa kiume hana, wala mimi sina. Baada yao, kisheria, anabaki mkwe, yaani mume wangu. Na mume wangu ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye ungeweza kumfikiria.

Mume wangu ni Msambaa wa Mazinde, sisi ni Wazigua, na katika jambo hili wazee wa pande zote mbili hawana tofauti: mkwe ni mkwe. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yetu hakuwahi kumpa mama mkono. Akija kumsalimia alichuchumaa nje ya kizingiti, macho chini, "Shikamoo mama," na mama alimjibu kutoka ndani, akiwa amejifunika khanga, "Marahaba baba." Hakuna aliyewahi kula mbele ya macho ya mwenzake. Wakikutana njiani mume wangu aliingia majanini mpaka mama apite. Bati la nyumba lilipong'oka alisubiri mama aende shambani ndipo akapanda kulipiga msumari, na mama aliporudi alijifanya hajaona, kisha jioni akanituma nimpelekee mihogo ya kuchoma. Ndivyo walivyopendana. Mtu wa mjini akiona atasema wamegombana.

Mama alifariki alfajiri, siku ya Jumatano, adhana ikiwa inakaribia kwisha. Saa kumi na mbili nikampigia kaka.

Alilia. Lazima niseme kwamba alilia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Alipoweza kuzungumza akasema, "Msimzike bila mimi. Mimi ndo wa kumshusha, mama alisema. Nakuja kwa ndege. Ni saa moja tu, mdogo wangu, nakuomba."

Nikafungua simu yangu nikatafuta. Kikaja kile kiukurasa kinachopima umbali wa viwanja vya ndege: huku Kilimanjaro, huku Dar es Salaam, katikati mstari wa buluu, kilomita mia nne arobaini na kitu, muda wa kuruka kama saa moja. Kilikuwa kimekaa vizuri, kisafi, hakina hata vumbi. Nilikishukuru. Kweli kabisa, mama yangu amelala chini ya shuka na mimi naishukuru simu.

Nikachukua andalio la somo la wiki ile, nikaligeuza nyuma, nikapiga hesabu. Saa moja angani. Kutoka Dar mpaka kwetu kwa gari dogo, saa tano. Jumla saa sita. Sasa hivi saa moja asubuhi, kwa hiyo saa saba mchana yuko hapa. Na achelewe saa nzima, saa nane. Nikapeleka karatasi ile kwa mjomba na shehe waliokuwa wamekaa nje kwenye mkeka, nikawasomea. Shehe alikuwa amepanga tuzike baada ya adhuhuri. Akafikiri, akasema, "Basi tusogeze mpaka alasiri, kwa ajili ya mwanawe. Zaidi ya hapo maiti tunaionea."

Mtoto wa darasa la sita angepiga hesabu kama ile ningemwekea kosa kubwa jekundu. Nilianza kuhesabu saa kuanzia pale niliposhika kalamu mimi. Sikuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Sikuuliza hata kama ipo. Mimi ambaye kila mwaka nawapigia watoto kelele, someni swali mpaka mwisho!

Mjomba aliuliza. Hajasoma, alikuwa anaendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, na ndege hajaipanda. Aliniita pembeni.

"Hebu nieleweshe, mwalimu. Kaka yako yuko Arusha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Arusha iko kule," akanyoosha fimbo upande wa Korogwe. "Dar iko huku," akageuza fimbo upande wa Mkata. "Sisi tupo hapa. Sasa kwa nini atupite, aende huko, ndo aanze kurudi?"

"Mjomba, ndege haisimami Korogwe."

"Sijasema ndege. Nasema mtu."

"Ni haraka zaidi, mjomba. Ni saa moja tu."

Nilisema maneno yaleyale ya kaka, na kwa sauti ileile. Ndiyo sauti ninayoitumia kwa mtoto ambaye nimeshakata tamaa naye. Mjomba aliniangalia, akaangalia karatasi yangu, akanyamaza, kwa kuwa mwenye shule ni mimi. Sijui kama nitakuja kujisamehe kwa dakika ile.

Saa nne kaka akapiga. Amepata tiketi. Ndege inaruka saa saba mchana.

"Saa saba?"

"Ndo iliyopatikana. Lakini saa nane nipo chini, gari nimeshaagiza linanisubiri. Usiwe na wasiwasi."

Alikuwa ameshafika uwanjani. Yuko pale tangu saa mbili, amekaa, anasubiri. Hesabu sahihi nimeipiga baadaye, nimeipiga mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Angepanda basi la asubuhi mara tu nilipompigia, saa nane angekuwa Korogwe na saa tisa na nusu angekuwa kwenye mkeka wetu. Hata ile saa nne angetoka pale, akaenda njia panda na kusimamisha basi lolote linaloshuka, angefika saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo, na ningempigia shehe magoti kwa saa hiyo moja. Nilikuwa na simu sikioni. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu, kaka panda basi.

Nikasema, "Sawa kaka, tutakusubiri."

Wala usiniulize kwa nini. Ni kwa sababu ya sauti yake, sauti ya mtu aliyezoea kupanga mambo. Ni kwa sababu tangu utotoni ukubwa ulikuwa wake na utiifu ulikuwa wangu. Na ni kwa sababu ya ule mstari wa buluu, kusema kweli. Ulikuwa umenyooka kuliko barabara yoyote niliyowahi kuiona.

Adhuhuri ikapita. Tukaanza kumwosha mama, mimi na wanawake watatu, nyuma ya nyumba ndani ya uzio wa shuka. Nilikuwa na kata ya maji mkononi niliposikia mngurumo. Nikaangalia saa ya jirani yangu: saa saba na nusu imepita kidogo. Nikaiacha kata, nikatoka mbio uani, mikono inachuruzika maji.

"Kaka huyo!" nikapiga kelele. "Kaka yuko juu hapo!"

Watu wote wakainua vichwa. Waliokuwa wanachambua mchele, wanaume waliokuwa wanarudi na majembe kutoka kuchimba kaburi, mjomba na fimbo yake, wote. Ndege ilikuwa inapita taratibu, nyeupe, jua likiwaka juu yake. Niliona mtu mmoja ameanza kuipungia mkono.

Bibi mmoja jirani yetu, rafiki wa mama tangu usichana, akanishika mkono. "Anashukia wapi?"

"Dar, bibi."

"Si anakuja kuzika?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona kapita?"

Mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha aibu, kikakatika hapohapo. Ndege ilikwenda. Ilikwenda upande wa Mkata, upande wa fimbo ya mjomba, na kila dakika iliyokuwa inakwenda kule ilikuwa inaongeza dakika nyingine nyingi za kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama katikati ya watu na mikono imelowa maji ya maiti. Mjomba hakuniangalia. Ningefurahi kama angenitukana.

Nikarudi ndani ya uzio. Mama amelala, nusu ameoshwa, uso wake mdogo kama wa mtoto. Nikaokota kata. Na kabla sijajizuia, mdomo wangu ukasema wenyewe kwa mazoea, "Mama, kaka kapita."

Alasiri tukaisali. Saa kumi na robo kaka akapiga: yuko Kibaha, kuna foleni, malori yamejipanga hayatembei. Kibaha! Mjomba akaninyang'anya simu. "Baba," akamwambia, kwa upole ambao mimi sikuwa nao, "kaa salama barabarani, usikimbize gari. Sisi tunamsitiri mama yako." Akakata, akanirudishia.

Shehe alikuwa ameshasimama. Mjomba naye akasimama, akashika goti lake, akauliza wanaume waliokuwa pale, "Nani anashuka na mimi?"

Wote walikuwa wanajua alichosema mama, kwa sababu Misima hakuna siri ya aina hiyo. Shehe akaangalia huku na huku, macho yake yakaishia kwa mume wangu, ambaye alikuwa nyuma kabisa, karibu na kuni, mahali pake pa kawaida kila mambo ya mama yakizungumzwa.

"Mkwe ni maharimu," shehe akasema. "Sheria inamruhusu."

Mume wangu aligeuka rangi. Ni mtu mzima, ana mvi, lakini niliona anatafuta pa kuingia kama vile mama alikuwa anakuja njiani na yeye anatafuta majani. Kisha akanitafuta mimi kwa macho. Alikuwa ananiuliza kama mama angekubali. Mimi nilijua kwamba mama asingekubali. Mama angekufa kwa aibu mara ya pili.

"Nenda," nikamwambia.

Akavua viatu akaviweka kizingitini, palepale alipokuwa anachuchumaa, akaenda. Jeneza likatoka, wanaume wakalifuata, sauti zao zikapungua, na sisi wanawake tukabaki na mchele wetu na moshi.

Kaka alifika baada ya isha, mazishi yameshakwisha. Alianguka mlangoni akalia, na watu wakamwinua, wakamwekea kiti chenye mto, wakamletea maji ya kunawa na chakula kilichokuwa kimefunikwa pembeni kwa ajili yake. Kila mmoja alikuja akamshika mkono. "Pole kwa safari," walimwambia. Pole kwa safari! Mimi nilikuwa nimekaa chini na mama mwilini mwangu bado, harufu ya karafuu na kafuri kwenye vidole, na hakuna aliyeniambia pole kwa safari, kwa kuwa sikusafiri. Nilitaka kugeuza ile sinia. Nilishika mikono yangu miwili chini ya khanga mpaka ikafa ganzi.

Asubuhi sikuweza kuishika hasira yangu tena. Tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi, yeye na mume wangu, ambaye alikuwa anapasua kuni. Kaka akaanza mwenyewe kueleza, foleni ilianzia wapi, dereva alifanya nini. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha. Kiukurasa kilekile. Mstari uleule wa buluu.

"Angalia," akasema. "Saa moja. Na kweli ilikuwa saa moja, haikuzidi hata dakika tano."

"Umepita juu ya maiti ya mama yako," nikamwambia. "Nilikuwa namwosha. Nimekusikia. Umepita umekaa kwenye kiti, umeletewa soda, umepita!"

"Dada, punguza sauti, watu..."

"Watu walikuona! Watu wote walikuona, kuna waliokupungia mkono! Miaka yote unapita. Alikuwa anasimama, unajua? Na miguu ile iliyovimba alikuwa anasimama. Kuna siku ameniamuru nianue gunia bovu juu ya paa ili wewe usione aibu huko juu. Ulikuwa ukiona nini kaka? Hebu niambie, kule dirishani ulikuwa ukiona nini?"

Alikuwa analia, lakini nilikuwa nimeshachoka na machozi yake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, na sidhani kama alikusudia kuniumiza, "Wewe ndo mwalimu. Nilikupigia saa nne nikakwambia ndege ni saa saba. Mbona hukuniambia nipande basi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na matusi tayari, nilikuwa nayo ya kutosha mpaka arobaini ya mama. Hayakutoka. Mbele yangu niliona ile karatasi, andalio la somo limegeuzwa nyuma, hesabu zimepangwa safu safi, na chini nimepiga mistari miwili ya jibu. Nilimchukia kaka kwa kuuliza vile. Namchukia mpaka leo, na kila nikimchukia najikuta nipo naye palepale, benchi moja.

Shoka la mume wangu lilikuwa limenyamaza. Kaka akamgeukia.

"Shemeji," akasema, "ni kweli ulimshusha wewe?"

"Mimi na mjomba. Mjomba alikaa ukingoni, goti lilimkatalia. Ndani nilikuwa peke yangu."

Hilo sikuwa nalijua. Usiku mzima alilala kimya pembeni yangu na hakuniambia.

"Walitandaza shuka juu," mume wangu akaendelea, "hakuna aliyemwona. Nilimwomba radhi kwanza, ndo nikampokea."

Kaka alijifuta uso kwa kiganja. "Alikuwaje?"

Mume wangu aliinamisha macho chini, kama alivyokuwa anayainamisha kila siku kizingitini kwa mama.

"Mwepesi," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaza mikono, nikajua nitaelemewa. Alikuwa mwepesi kabisa, shemeji. Ungemweza peke yako."